PTO ya Massey Kuukuu Haina Oili Yake

Msimu wa mahindi ukifika, trekta la zamani hubadilishiwa kazi. Plau inafunguliwa, mashine ya kupukuchua inafungwa nyuma, na kwa wiki kadhaa trekta linasimama mahali pamoja likizungusha PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha mashine, tangu asubuhi mpaka giza. Injini huangaliwa vizuri: oili yake inapimwa kila siku, chujio la dizeli linabadilishwa, rejeta inajazwa maji. Lakini ukiuliza oili ya nyuma ilibadilishwa lini, jibu la kawaida ni kwamba huongezwa ikipungua. Nataka tuzungumze habari ya oili hiyo ya nyuma, kwa sababu PTO inaishi humo, na kwa sababu inaniuma kila ninapoona trekta lililostahimili nusu karne linakufa kwa kunyimwa oili safi.

Nitashikamana na ukoo mmoja, ule wa Ferguson. TE20, ile ndogo ya rangi ya kijivu, ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, ikaendelea hadi 1956, na idadi yake ikapita nusu milioni. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1953, Harry Ferguson aliunganisha biashara yake na Massey-Harris. Ikafuata 35, iliyokuja kuvaa rangi nyekundu na jina la Massey Ferguson, kisha 135 kuanzia mwisho wa 1964. Hizi mbili, pamoja na wadogo zao kama 240, ndizo ambazo bado unazikuta shambani Karatu, Babati, Iringa na Uasin Gishu. Mpangilio wa tumbo lake haukubadilika sana, kwa hiyo anayeelewa moja ataelewa zote.

Tuanze na njia ya nguvu. Kutoka kwenye klachi, nguvu huingia gia boksi na kushuka kwenye shafti ya chini. Nyuma ya hapo kuna kiunganishi cha meno kinachoamriwa na ule mkono mdogo ulio ubavuni kushoto. Ukiuingiza mkono, kiunganishi kinashika, na shafti ndefu ya PTO inaanza kuzunguka. Shafti hiyo inapita chini kabisa ya tumbo la trekta, chini ya difu, hadi kutokeza nyuma kwenye beringi na sili yake. Njiani inapenya ndani ya pampu ya haidroliki na kuizungusha. Ndiyo maana kwenye TE20 ukitoa PTO, mikono ya nyuma haiinuki: pampu imesimama. Dereva mgeni hudhani haidroliki imekufa na kuita fundi, kumbe ni mkono tu haukuingizwa. Kwenye 35 na 135 kuna jambo la kuongeza. Mkono una nafasi mbili za kazi: moja hufuata injini, nyingine hufuata mwendo wa magurudumu. Ukiuweka kwenye hiyo ya pili na trekta limesimama, PTO haizunguki.

Sasa, gia boksi, pampu, difu na PTO vyote vinaogelea kwenye oili moja. Hakuna chumba cha PTO peke yake, hakuna chupa yake ya kujazia, wala hakuna bomba linalopeleka oili kwa nguvu kwenye beringi zake. Oili inafika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuzama: shafti iko chini, beringi yake ya nyuma iko chini, na zote hulowa muda wote oili ikiwa kwenye kiwango. Ya pili ni kurushwa: gia kubwa ya difu na gia za boksi huchota oili kwa meno yake na kuitupa juu, ikagonga kuta, ikatiririka na kuingia kwenye beringi za juu. Chuma kinapokutana na chuma, oili hubanwa katikati na kuacha utando mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio unaobeba mzigo wote. Ukiwepo, meno ya gia hayagusani kabisa. Ukikatika hata kwa muda mfupi, yanasagana, na vumbi la chuma linalotoka hapo linabaki ndani ya oili ileile inayonyonywa na pampu.

Hapo ndipo gharama ya kushirikiana inapoonekana. Kosa lolote linalofanywa kwenye oili hii halikai pale lilipofanyika. Chembe iliyotoka kwenye gia ya boksi itapita kwenye pampu. Maji yaliyoingia kwa sili ya PTO yatafika kwenye beringi za difu. Mchanga ulioingia kwenye bomba la jeki ya tela, lile linalochomekwa nyuma likiwa limejaa vumbi kwa sababu hakuna aliyelifuta, utaishia kwenye beringi ya PTO. Fundi anayebadilisha beringi ya PTO bila kuuliza habari za oili amefanya nusu ya kazi, na beringi mpya itakufa kama ya kwanza.

Kiwango kwanza. Trekta lisimame mahali tambarare, jembe au mashine yoyote ishushwe chini, injini izimwe, na usubiri. Kusubiri huku si anasa. Vyumba vya tumbo la trekta vimeunganishwa kwa matundu, na oili nzito, hasa ikiwa baridi, huchukua muda kujisawazisha. Ukijaza na kupima papo hapo utadanganyika, utadhani imejaa kumbe nusu bado iko mbele. Fungua kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kitoe tena, kisha soma. Usihesabu kwa madumu uliyomimina, maana oili ya nyuma inazidi lita 20 na kiasi hutofautiana kati ya aina na aina. Amini alama ya kijiti.

Oili ikipungua, PTO yenyewe haitakuwa ya kwanza kulalamika, kwa kuwa iko chini. Wa kwanza ni pampu. Itaanza kunyonya hewa, oili itatoa povu, mikono ya nyuma itainuka kwa kutetemeka, na utasikia mlio mwembamba kutoka chini ya kiti. Beringi za juu, zinazotegemea kurushiwa, nazo zinakuwa na kiu bila kutoa sauti. Kwa hiyo haidroliki inayotetemeka ni onyo la PTO pia, na dawa yake si kuongeza mwendo wa injini. Kujaza kupita alama nako kuna hasara: gia zinachapa oili mpaka inapata moto na povu, na shinikizo linaisukuma itoke kwa sili.

Tuje kwenye aina ya oili, mahali ambapo pesa nyingi hupotea kwa nia njema. Dukani utaambiwa oili nzito zaidi ndiyo kinga zaidi. Si kweli kwa tumbo lenye pampu ndani yake. Asubuhi ya Julai huko Njombe au Mbulu, oili nzito ya gia huwa kama imeganda. Pampu inashindwa kuinyonya kupitia chujio lake la waya, na kwa dakika za mwanzo inazunguka ikiwa na njaa. Kwa TE20 ambayo haina mambo mengi ndani, oili ya gia ya kawaida ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu chake inafaa. Kwa 35 na 135, hasa zile zenye Multi-Power, yaani swichi ya kubadili mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi, tafuta oili ya matrekta inayoitwa UTTO. Hiyo imetengenezwa kutumika kwenye gia, haidroliki na klachi za ndani ya oili kwa pamoja. Oili ya gia peke yake haifanyi kazi hizo tatu.

Kuna alama nyingine ya kusoma kwenye dumu: GL-4 na GL-5. Wauzaji wengi hukupa GL-5 wakidhani namba kubwa ndiyo bora. Oili ya GL-5 ina dawa kali za salfa na fosforasi, zilizokusudiwa difu za magari zenye meno yanayoteleza kwa nguvu nyingi. Dawa hizo, oili ikipata moto, zinaweza kula shaba na madini ya jamii yake. Matrekta ya zamani yana bushi za aina hiyo ndani. Kama kitabu hakikutaka GL-5, usiiweke.

Na kuna desturi moja ambayo naipinga bila kuzunguka: kumimina nyuma oili iliyotolewa kwenye injini. Watu husema gia hazichagui. Oili hiyo imebeba masizi, asidi, mabaki ya dizeli na vumbi la chuma la pistoni na ringi. Dawa zake zimekwisha. Ukiimimina humo umeingiza uchafu wa injini kwenye pampu, difu na PTO kwa mkupuo mmoja. Kama fedha ni chache, ni heri kubadilisha oili nusu mwaka baadaye kwa oili sahihi kuliko kubadilisha leo kwa oili chafu.

Maji ndiyo adui mkubwa wa matrekta haya katika mazingira yetu, na yana milango mingi. Wa kwanza ni ule mpira uliovikwa shina la mkono wa gia. Jua huukausha, unapasuka, na trekta lililolala nje wakati wa masika hunywa maji usiku kucha kupitia hapo. Mpira huu ni wa bei ndogo, na hakuna spea yenye faida kubwa zaidi kwa bei yake. Mlango wa pili ni sili ya PTO yenyewe. Kwenye majaruba ya mpunga, Usangu au Mwea, sehemu ya nyuma ya trekta hupita ndani ya tope. Tumbo lililokuwa la moto likipozwa ghafla na maji, hewa ya ndani hunywea na kuvuta kutoka nje, na sili iliyochoka hupitisha maji kuelekea ndani ingawa haijawahi kuvujisha oili kuelekea nje. Wa tatu ni hewa yenyewe: tumbo likiwa na moto mchana na baridi usiku, umande hujitengeneza juu ya kuta za ndani na kushuka kwenye oili.

Kulijua jambo hili mapema ni rahisi. Trekta lilale usiku mzima bila kusogezwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, weka kopo safi chini ya nati ya kumwagia oili iliyo chini kabisa, ilegeze taratibu kwa spana bila kuitoa, na pokea kiasi cha kikombe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yametua chini na ndiyo yatakayotangulia. Ukiona matone meupe au maji yakiteremka kabla ya oili, una jibu. Kaza nati, kisha mimina tone la oili uliyopokea juu ya bati lililopashwa moto, ukikaa mbali kidogo na uso umeugeuza. Oili kavu itatoa moshi kimya kimya. Yenye maji itapasuka kwa mlio na kuruka. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa haihitaji kipimo hiki, maana imekwisha kujisema. Usijidanganye kwamba maji yatakauka kwa kazi. Kiasi kidogo kinaweza kuondoka kwa moto, lakini kutu iliyoanza kwenye beringi hairudi nyuma.

Unapoimwaga yote, fanya hivyo trekta likiwa limetoka kazini na oili ina moto, ili uchafu utoke ukiwa bado unaelea. Tafuta nati zote za kumwagia, kwa sababu ziko zaidi ya moja na kila chumba hubakiza chake. Mwagia kwenye beseni pana, kisha pitisha sumaku ndani yake. Vumbi laini la kijivu linaloshika kwenye sumaku kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino la gia au beringi iliyovunjika, na hapo usijaze oili mpya ukaondoka, fungua utafute. Kisha tazama kinachometa rangi ya dhahabu na kisichoshika kwenye sumaku. Hiyo ni shaba kutoka kwenye bushi, na wingi wake hukuambia kama kuna mahali pamekosa oili au pameliwa na dawa. Safisha chujio la pampu wakati huohuo. Kuweka oili mpya juu ya chujio lililoziba ni kuinyima pampu palepale.

Sili ya nyuma ina mengi ya kusema. Ikivuja, usikimbilie kuifungua. Kwanza tafuta tundu la kupumulia lililo juu ya tumbo la trekta na uhakikishe halijaziba kwa tope au rangi. Tumbo likikosa pa kupumulia, moto wa kazi hupandisha shinikizo, na oili hutafuta njia nyepesi, ambayo mara nyingi ni hiyo sili. Nimeona sili nzima zikitolewa na kutupwa bure kwa sababu ya tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

Kama sili kweli imekwisha, mwaga oili, fungua kifuniko cha beringi ya nyuma na uivute shafti kwa uangalifu. Pitisha ukucha juu ya sehemu ambayo mdomo wa sili ulikuwa unakaa. Ukucha ukinasa, shafti imechimbika mfereji, na sili mpya ikikaa mahali palepale itavuja baada ya siku chache. Fundi mzuri ataisogeza sili milimita chache ndani au nje ya ule mfereji ikiwa nafasi inaruhusu, au atavisha shafti bangili nyembamba ya chuma. Sili inaingia mdomo wenye springi ukitazama ndani, upande wa oili. Kabla ya kuipitisha juu ya shafti, yavike meno ya shafti plastiki nyembamba au solotepu, kwani kingo zake ni kali na hukata mdomo wa sili bila wewe kujua. Paka mdomo huo oili au grisi kidogo, maana mizunguko ya kwanza kabisa huwa mikavu. Na usiigonge kwa nyundo upande mmoja. Tumia bomba lenye upana wake, iingie sawasawa.

Nje ya sili, oili imeishia hapo, na kazi yote inabaki kwa grisi. Hapa namaanisha propela shafti, ile inayounganisha PTO na mashine. Watu hawaoni uhusiano kati ya propela kavu na beringi iliyokufa ndani ya trekta, ilhali uhusiano upo na ni wa moja kwa moja. Propela imetengenezwa kwa mabomba mawili yanayoingiliana ili yarefuke na kufupika trekta linapokata kona au kupanda tuta. Yakikauka grisi, yanakwama chini ya mzigo. Trekta likikata kona, propela isiyoweza kufupika inaisukuma shafti ya PTO kuelekea ndani, na shafti hiyo, kumbuka, ndiyo inayopita kwenye pampu. Beringi ya nyuma, sili na pampu vyote hupokea msukumo ambao havikuumbwa kuubeba.

Basi kila asubuhi ya kazi, tenganisha mabomba hayo, futa grisi ya jana iliyochanganyika na pumba, na upake mpya. Krosi za ncha zote mbili zina nipo za grisi. Ifute kila nipo kabla ya kuweka pampu ya grisi, la sivyo utasukuma vumbi ndani kwa mkono wako mwenyewe. Piga grisi polepole mpaka uone ya zamani ikitoka kwenye vikombe vyote vinne vya krosi. Kikombe kimoja kikikataa, zungusha krosi, ilegeze kwa mkono, ujaribu tena. Kikiendelea kukataa, beringi yake ya sindano imeshika kutu, na ni bora kuibadilisha leo kuliko kuokota vipande vya propela kesho. Meno ya shafti ya PTO paka grisi nyembamba baada ya kuyafuta. Yoki isipoingia kwa urahisi, safisha meno uone kilichoharibika. Kuisukuma kwa nyundo ni kuipiga beringi iliyo ndani.

Wenye TE20 wana tahadhari ya ziada. Shafti yake ni ya inchi 1 na 1/8, wakati mashine nyingi za leo zinataka inchi 1 na 3/8, kwa hiyo huvishwa adapta. Chagua iliyo fupi iwezekanavyo. Ikiwa ndefu, mzigo unahamia mbali na beringi, shafti inayumba, na sili inapanuka upande mmoja.

Haya yote yafanyike injini ikiwa imezimwa kabisa na PTO imetolewa. Si kwa kuipunguza mwendo, wala kwa kukanyaga klachi. Kwenye 135 yenye klachi ya hatua mbili, kanyagio ikifika nusu husimamisha mwendo wa trekta tu, na PTO inaendelea kuzunguka mpaka uikanyage hadi mwisho. Kwenye mizunguko 540 kwa dakika, shafti inazunguka mara 9 kila sekunde, na ncha ya khanga, shuka au koti la mvua ikishikwa hakuna anayewahi kuivuta. Kava la plastiki la propela lirudishwe kila baada ya kupiga grisi, na beringi za kava lenyewe nazo zipakwe, kwa sababu kava lililokwama linazunguka pamoja na shafti na halimkingi mtu.

Msimu ukiisha, usiliache trekta kama lilivyo mpaka mwaka ujao. Oili hushuka kutoka kwenye gia na beringi za juu, chuma kinabaki wazi, na umande hufanya kazi yake. Badilisha oili kabla ya kuliegesha, usingoje mpaka wakati wa kulitumia tena, ili miezi ya kulala isipite likiwa na asidi na maji ya msimu uliopita. Liegeshe chini ya paa, au angalau funika mkono wa gia. Mara moja kwa mwezi liwashe, ingiza PTO bila mashine yoyote nyuma, inua na kushusha mikono ya haidroliki mara kadhaa, liache lizunguke mpaka tumbo lipate joto. Kisha zima, futa meno ya shafti, yapake grisi, na urudishe kile kikofia chake cha chuma. Kama kikofia kimepotea, kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa upande mmoja kinatosha.